Kibao cha shingoni na stakabadhi ya korosho: uchambuzi wa kisa cha shule moja ya kata

Kisa hiki kinahusu shule moja ya sekondari ya kutwa katika mikoa ya kusini mwa Tanzania, ambako nilikuwa mwalimu wa taaluma kuanzia mwaka 2021 hadi 2024. Nimekiandika kwa ajili ya walimu, wajumbe wa bodi za shule na maofisa elimu wanaojiuliza shule ya kawaida ya kata, isiyo na chumba cha kompyuta wala maktaba ya maana, ifanye nini ili mtoto anayetoka humo asiwe mgeni katika dunia inayomfikia kila siku kwa simu, kwa bidhaa na kwa bei. Jina la shule, wilaya, majina ya watu na shule rafiki ya ng'ambo nimeyaondoa, na mahali pawili nimebadilisha wadhifa wa mhusika ili asitambulike. Maamuzi mawili makubwa yanayosimuliwa hapa yote yalipita mikononi mwangu, na lile la kwanza, ambalo ndilo lililokosea, nililitetea kuliko mtu mwingine yeyote. Msomaji alikumbuke hilo anapozipima hukumu zangu.

## Usuli

Shule ilijengwa katika wimbi la shule za kata lililofuata Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, yaani MMES, ulioanza mwaka 2004. Wananchi walichanga matofali na nguvu kazi, Serikali ikamalizia mabati na kuleta walimu, na tangu ada ilipofutwa Januari 2016 madarasa yamekuwa yakijaa kuliko yalivyokusudiwa. Wanafunzi wanatoka katika shule nne za msingi ambazo masomo yote, isipokuwa Kiingereza chenyewe, hufundishwa kwa Kiswahili. Nyumbani wanazungumza Kimakonde, Kimwera au Kiyao pamoja na Kiswahili. Wakifika kidato cha kwanza, lugha ya masomo karibu yote isipokuwa Kiswahili inageuka kuwa Kiingereza, na daraja pekee lililowekwa kati ya kingo hizo mbili ni kozi ya awali ya wiki chache, ambayo wanaochelewa kuripoti huikuta imekwisha.

Uchumi wa kata ni korosho. Msimu wa mauzo huanza Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka, na kwa bahati mbaya upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa kidato cha nne huangukia humohumo, ndiyo maana mahudhurio ya Novemba huwa ni maumivu ya kichwa kwa kila mkuu wa shule wa huku. Mkulima hupeleka korosho zake ghafi kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, AMCOS, anapimiwa, anapewa stakabadhi, mzigo unaingia ghala kuu, kisha unauzwa mnadani chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika kwenye zao hili mwaka 2007. Fedha humfikia kupitia benki, baada ya makato. Asiyeweza kusubiri huuza kichochoroni kwa bei ya kutupa, biashara tunayoiita kangomba, na hakuna mtoto wa kata hii asiyeijua.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu sisi walimu, ambao wengi wetu tulitoka mikoa mingine, tuliyaona kuwa mambo ya nje ya uzio wa shule.

## Kikao cha kwanza cha video

Septemba 2021 shule ilipata urafiki na shule moja ya Ulaya, kwa msaada wa mtu aliyewahi kujitolea wilayani. Mkuu wa shule aliazima projekta, akanunua bando kwa fedha zake mwenyewe, nasi tukachagua wanafunzi watatu wa kidato cha tatu, tukawaandikia salamu na maelezo mafupi kuhusu shule, wakayakariri kwa wiki mbili. Siku ilipofika walisoma vizuri. Kisha binti mmoja wa upande wa pili akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi: mkitoka shule mnafanya nini? Wale watatu wakanigeukia. Nikajibu mimi. Swali la pili nikajibu mimi, na la tatu, na kwa muda mwingi uliobaki wazungumzaji walikuwa mwalimu wa Ulaya na mimi, huku wanafunzi wa pande zote wakitutazama. Mwishoni watoto wetu walicheza ngoma, wakapigiwa makofi mengi, na nikaona aibu ambayo sikuweza kuieleza vizuri siku ile.

Mwezi uliofuata bodi ya shule ilikutana. Maneno yaliyotawala kikao yalikuwa kwamba dunia imekuwa kijiji na vijana wetu hawana lugha ya kijiji hicho. Hakuna aliyepinga, nami nilikuwa na hoja tatu mkononi za kuifanya shule iwe ya Kiingereza tu. Mitihani ni ya Kiingereza, kwa hiyo kila dakika ya Kiswahili ni dakika iliyopotea. Wazazi wanataka Kiingereza, na shule binafsi za mjini zinawavutia kwa hicho tu. Na tatu, ambayo sikuisema kwa sauti lakini ndiyo iliyoamua mambo, hatua hii ilikuwa rahisi kwa gharama: haikuhitaji vitabu wala mafunzo ya walimu, ilihitaji kipande cha mbao na kamba.

Januari 2022 amri ikasomwa mstarini. Kuanzia getini hadi getini ni Kiingereza tu. Atakayesikika akizungumza Kiswahili au lugha ya nyumbani atavaa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake, na atakayelala nacho atafagia uwanja asubuhi. Nikafungua daftari la kibao, lenye tarehe, jina na saini ya kiranja.

## Mwaka wa ukimya

Kwa miezi mitatu daftari lilijaa. Kuanzia Mei majina yakaanza kupungua, na katika kikao cha bodi nililionyesha kama ushahidi wa mafanikio. Ukweli ni kwamba wanafunzi walikuwa wamejua mipaka. Nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha mkorosho ambapo walimu hatukuwa na sababu ya kufika, mazungumzo yaliendelea kama kawaida, kwingineko walinyamaza. Darasani jibu la kila swali likawa «yees» ya pamoja. Binti mmoja wa kidato cha kwanza alikaa na homa hadi adhuhuri kwa sababu hakujua aombe vipi ruhusa, na aliyemgundua ni mwenzake wa dawati moja aliyehisi joto la mkono wake.

Kilichopaswa kunishtua mapema zaidi kilitokea kwenye Biolojia. Katika jaribio la muhula wa kwanza karibu mkondo mzima uliandika fasili ileile ya osmosisi, yenye kosa lilelile, kwa sababu mwalimu alikuwa ameruka neno moja alipoandika ubaoni na fasili ikawa imegeuka kinyume cha maana yake. Walinakili, wakakariri, wakaiandika neno kwa neno. Hakuna hata mmoja aliyeielewa vya kutosha kuona kwamba haiwezi kuwa kweli, na kama yupo aliyeona, hakuwa na lugha ya kumwambia mwalimu. Nilirekebisha alama, nikamkumbusha mwalimu awe makini na ubao, nikaendelea na kazi.

## Stakabadhi nyuma ya jiko

Novemba 2022 mwalimu wa Biashara, mama mwenye uzoefu mrefu kuliko sote, alikwenda jikoni kuangalia uji akasikia sauti upande wa nyuma. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alikuwa amechuchumaa mbele ya wenzake watano, ameshika stakabadhi ya babu yake, na kwa kijiti alikuwa anaandika mchangani. Alikuwa akiwaeleza kwamba wasidanganyike na bei ya mnada iliyotangazwa redioni, kwa kuwa hiyo siyo bei ya mkulima. Alitaja ushuru wa halmashauri, ambao tangu mwaka 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara, akaupiga hesabu kwa kilo moja kisha kwa mzigo mzima wa babu. Akaondoa gharama za chama cha msingi, za chama kikuu, za magunia na za usafirishaji. Akabakiwa na tofauti ambayo hakuweza kuieleza, akaizungushia duara.

Walipomwona mwalimu waliificha karatasi na kunyamaza, maana walikuwa wakizungumza Kiswahili.

Alikuja ofisini kwangu na ile stakabadhi mkononi, akaiweka juu ya daftari la kibao. «Huyu,» aliniambia, «ndiye niliyempa sifuri asubuhi.» Swali la asubuhi lilikuwa eleza maana ya mnada, kwa Kiingereza. Katika wiki hiyohiyo mwalimu wa Hisabati alikuwa akirudia mada ya asilimia kwa mifano ya kitabu, ya mtu anayeweka dola benki, na alikuwa amelalamika kwangu kwamba darasa halishiki.

## Maamuzi ya pili

Januari 2023 tulibadili mambo matatu, na kila moja lilikuwa na sababu yake.

La kwanza, kibao kilifutwa. Mkuu wa shule alitangaza mstarini, bila maelezo mengi.

La pili lilihusu lugha ya kujifunzia. Shule haina mamlaka ya kubadili lugha ya kufundishia, na hatukujifanya tunayo. Mtihani ungebaki wa Kiingereza, nasi tungehukumiwa nao. Tulichoweza kupanga upya ni mwendo wa kipindi. Tulikubaliana kwamba dhana mpya itajadiliwa kwanza kwa Kiswahili mpaka wanafunzi waweze kuitolea mfano wao wenyewe, kisha istilahi zitaandikwa ubaoni kwa lugha zote mbili, kisha kila mwanafunzi ataandika na kuwasilisha kwa Kiingereza. Hatua ya tatu haikuwa ya hiari. Mwalimu wa Biashara alisisitiza, na alikuwa sahihi, kwamba tukiiachia hiyo tutakuwa tumewadhulumu kwa namna nyingine. Kozi ya awali tuliigeuza kuwa vipindi viwili vya ziada kila juma kwa mwaka mzima wa kidato cha kwanza, vikiwa ni vya kusoma na kuandika, tukavitoa kwenye muda wa kazi za nje.

La tatu lilikuwa kuchukua korosho kama mada ya pamoja ya masomo sita kwa muhula wa pili, hadi msimu. Ulikuwa ni uamuzi wa mwalimu wa Biashara zaidi kuliko wangu. Hoja yake ilikuwa kwamba tulitafuta namna ya kuwapeleka watoto duniani ilhali dunia ilikuwa imekaa kwenye magunia ya babu zao, na watoto wameshaanza kuihoji bila sisi.

Upinzani ulikuwepo, na sehemu yake ilikuwa na haki. Katika mkutano wa wazazi mzee mmoja alisimama akasema watoto wa wakubwa wanasoma shule za mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea, na sisi tunawarudisha watoto wake kwenye Kiswahili ili wabaki kuokota korosho. Sijapata jibu linaloimaliza hoja hiyo. Nilimwambia kwamba kwa mwaka mzima wa kibao mwanawe hakujifunza Kiingereza wala Biolojia, nikamwomba alete daftari lake tulitazame pamoja. Alilileta, tukalisoma ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza maana ya sentensi moja iliyoandikwa vizuri kabisa, na mwanawe aliyekuwa amesimama kando hakuweza kuieleza. Mzee hakusema kwamba ameridhika. Aliondoka na daftari.

Wathibiti ubora wa shule walipokuja waliuliza kwa nini kipindi cha Jiografia kinasikika kwa Kiswahili. Tulionyesha maandalio ya somo yenye hatua zote tatu na kazi zilizoandikwa kwa Kiingereza. Waliandika kwenye taarifa kwamba lugha ya kufundishia izingatiwe, na kwamba mazoezi ya kuandika ni mengi kuliko shule nyingine walizokagua. Tuliishi na sentensi zote mbili.

## Korosho darasani

Sehemu hii nitaisimulia kwa kina kidogo, kwa sababu mawazo ya jumla kuhusu kuunganisha masomo na maisha yapo mengi, na yanapokosa maelezo ya kazi yenyewe hayamsaidii mwalimu.

Katika Historia wanafunzi walianza na swali la mkorosho umetoka wapi, na wengi walishangaa kusikia kwamba mti ambao mababu zao wanauhesabu kuwa wa ukoo ulitoka Brazili na kuletwa pwani hii na Wareno katika karne ya 16. Mmoja akasema kumbe hata mkorosho ni mhamiaji, na tangu hapo neno hilo likawa utani wa shule. Biolojia ilichukua ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua na majani machanga, na salfa inayopulizwa kuuzuia, ambayo huagizwa kutoka nje, hivyo meli ikichelewa maua hayasubiri. Kemia ilichukua mafuta ya ganda. Kila mtoto aliyewahi kubangua anajua kwamba yanaunguza ngozi, na mabinti walionyesha namna mama zao wanavyopaka majivu mikononi. Wasilolijua ni kwamba mafuta hayohayo hutumika viwandani katika kutengeneza vitambaa vya breki za magari.

Hisabati ilipata asilimia zake kwenye mjengeko wa bei, ule mchanganuo unaoonyesha makato kutoka bei ya mnada hadi bei ya mkulima. Jiografia ilifuata mzigo hadi bandarini, kisha India na Vietnam, ambako korosho ghafi nyingi za Tanzania hubanguliwa. Wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa darasa la nne mwaka 2018, pale wakulima walipogomea bei za mnada na Serikali ikaamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kusomba. Wanakumbuka malori. Kila mmoja alikuwa na simulizi ya nyumbani kwao kuhusu malipo ya mwaka ule, na mwalimu wa Biashara alitumia kipindi kizima kuwataka watenganishe walichokiona, walichosikia na wanachodhani, kazi iliyowachosha kuliko hesabu.

Kisha wakaandika barua kwa shule rafiki, kwa Kiingereza, wakiomba picha ya bei ya korosho dukani huko. Barua ile ilipitia rasimu nyingi. Hakuna aliyelalamika kwamba Kiingereza ni kigumu. Walichogombania ni kama waseme «ghafi» au «mbichi», na ni neno gani la Kiingereza litakalomfanya mtu ambaye hajawahi kuona korosho ikiwa na ganda aelewe tofauti.

Kikao cha pili cha video kilifanyika Novemba 2023. Picha zilikuwa zimefika: pakiti ndogo za gramu mia moja na mia mbili, na nyuma ya pakiti mojawapo nchi ya asili imeandikwa Vietnam. Mwanafunzi wetu mmoja alianza kulinganisha bei ya pakiti na bei ya mkulima moja kwa moja, mwenzake akamkatiza kwa Kiswahili kwamba korosho ya dukani imeshabanguliwa, na kilo moja ghafi hutoa karibu robo tu, kama walivyopima wenyewe kwa mizani ya jikoni. Wakasahihisha hesabu papo hapo, kisha binti aliyekuwa na zamu ya kuuliza akauliza kwa Kiingereza chenye makosa mawili na maana iliyonyooka: je, zetu zimo humo? Upande wa pili ukanyamaza. Mwalimu wao aliigeuza pakiti, akaisoma tena, akasema haionyeshi. Safari hii mimi sikufungua mdomo.

## Mgogoro wa mstari mmoja

Ile tofauti iliyozungushiwa duara mchangani haikusahauliwa. Kundi la wanafunzi lililokwenda ghalani kwa ajili ya mada ya korosho lilimuuliza mtunza ghala kuhusu kato lililoandikwa «mengineyo». Siku mbili baadaye mjumbe mmoja wa bodi, aliyekuwa pia na nafasi katika chama cha msingi, alimwambia mkuu wa shule kwamba shule inachochea watoto, na ziara za ghalani zikasimamishwa. Walimu wawili walishauri mada yote iachwe, kwa maelezo kwamba shule haina ulinzi na uhamisho huja bila taarifa. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wawili.

Mkuu wa shule aliamua vingine. Aliwataka wanafunzi wakiandikie chama cha msingi barua rasmi kwa Kiswahili, yenye anwani mbili na kichwa cha habari kama wanavyofundishwa, isiyo na neno la kutuhumu, akaipitisha kwa saini yake. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto aliyefundishwa kuuliza swali na kisha akaonywa aliache, atakuwa amefundishwa somo la pili linalolifuta la kwanza. Jibu lilichukua majuma mengi. Februari 2024 lilikuja kwa maandishi, likaeleza kwamba kato lile ni la turubai na vibarua wa kupakia, na mchanganuo wa bei ukabandikwa ukutani mwa ghala kwa maandishi makubwa. Kama maelezo yale yalikuwa kamili ni jambo la wanachama wa chama hicho kuamua. Shule iliishia pale.

## Matokeo

Ushiriki darasani ulibadilika haraka, na hilo ndilo naweza kulisema bila kusita. Wanafunzi waliuliza, na walimu wawili waliofundisha kwa kukaririsha walianza kuogopa vipindi vyao wenyewe, jambo ambalo lilikuwa na faida. Uandishi wa Kiingereza katika Biashara na Jiografia uliimarika, hasa kwa wale waliokuwa wa wastani. Yule mwenye kijiti alifaulu Biashara vizuri katika kidato cha nne.

Hisabati haikusogea. Asilimia walizielewa wote, lakini mtaala wa Hisabati una mambo mengi yasiyofika mnadani, na kwa hayo tulirudi palepale. Mahudhurio ya msimu yalipanda kidogo kwa wavulana na karibu hayakubadilika kwa wasichana, ambao ndio wanaookota na ndio wanaobaki na wadogo zao mama akiwa shambani. Tulipanga mradi mzima kuhusu korosho bila kupanga chochote kuhusu aliyeziokota.

Shule rafiki ilijibu barua mbili zaidi, kisha mwalimu wao akahamia shule nyingine na mawasiliano yakakatika.

## Uchambuzi

Kosa la kwanza lilikuwa la kutambua tatizo. Tulipowaona watoto watatu wakinyamaza mbele ya kamera tulihitimisha kwamba wamekosa lugha. Lugha kweli ilipungua, lakini kilichopungua zaidi ni la kusema, kwa sababu tuliwaandikia sisi, na tuliwaandikia mambo ambayo hata wao hayakuwahusu. Kikao cha pili kiliwakuta na Kiingereza ambacho hakikuwa kimekua kwa kiasi cha kutisha. Kiliwakuta na swali.

Makosa ya namna hii hayafanywi na shule za kata peke yake. Malaysia ilianza kufundisha Hisabati na Sayansi kwa Kiingereza mwaka 2003 ili kuwaandaa watoto kwa uchumi wa dunia, na mwaka 2009 Serikali yake ikatangaza kurudi kwenye Kimalei. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kwa kasi iliyowakuta walimu wengi hawakijui. Sitaki kuzilinganisha nchi na kibao cha shule, ila nadhani chanzo kinafanana: lugha ni kitu kinachoamriwa kwa urahisi, na kuamriwa kwake kunaonekana kama kazi imefanyika. Daftari langu la kibao lilikuwa na saini na tarehe. Uelewa wa osmosisi haukuwa na daftari.

Pia nadhani tulikidharau Kiswahili kwa namna ya ajabu, tukizingatia miaka yenyewe. Novemba 2021, mwezi mmoja baada ya kikao chetu cha bodi, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Julai ile tuliadhimisha kwa ngonjera mstarini, na asubuhi iliyofuata kibao kikaendelea.

Kilichofanya kazi ni kuipa kila lugha kazi yake na kutoiachia yoyote njia ya kukwepa. Kiswahili kilibeba mabishano, Kiingereza kilibeba barua kwa mtu asiyejua Kiswahili, na mwanafunzi aliona kwa nini anahitaji vyote viwili. Mwalimu anayetaka kujaribu asiiruke hatua ya tatu. Katika mkondo mmoja mwalimu aliyechoka aliishia kwenye mjadala, watoto wakafurahi, na kwenye mtihani wakaandika Kiswahili kwenye karatasi ya Kiingereza.

Kutumia mazingira kuna historia nzito nchini kwetu. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilisema shule isimtenge mtoto na jamii yake, lakini katika shule nyingi ikaishia kuwa jembe na adhabu. Mradi wetu uliponea chupuchupu: mara tu uliposhika jina, mjumbe mmoja alipendekeza wanafunzi wapande miche ya shule, na ofisini wapo waliochangamka. Mwalimu wa Biashara alikataa, akisema hawa hawakosi kujua kulima. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024, pamoja na mkondo wake wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, unafungua nafasi nzuri kwa kazi ya namna hii, na unafungua pia mlango huohuo wa jembe.

Udhaifu mkubwa kuliko yote ni kwamba mpango ulisimama juu ya mtu mmoja. Mwalimu wa Biashara alihamishwa katikati ya mwaka 2024. Maandalio yake ya masomo hatukuyakusanya mahali pamoja, mahusiano yake na ghala hayakurithiwa, na muhula uliofuata masomo sita yakabaki mawili. Kazi ya kuyaandika hayo mapema ilikuwa ya mwalimu wa taaluma.

Nilipokabidhi ofisi mwishoni mwa mwaka ule, kibao kilikuwa bado stoo, kimefungwa kwa kamba yake pamoja na daftari. Sikuweza kukitupa, kwa sababu kiliingizwa kwenye leja ya mali za shule. Mwalimu mpya wa Kiingereza alikuwa ameniuliza juma hilohilo kama anaweza kukiazima.